Viungo vya mipira ya hewa: Namna mafundi wa Meru na Embu wanavyoweza kupata vinavyolingana

MSIMU wa kahawa unapopamba moto, kati ya Oktoba na Desemba, karakana za vyuma zilizoko kando ya barabara ya Embu kwenda Meru hulemewa na kazi. Ekseli za mashine za kumenya kahawa hukwaruzika, vikombe vya beringi hulika, nayo malori ya kubeba mazao huhitaji bushi mpya usiku na mchana. Katika shughuli hizo, kerezo ndiyo roho ya karakana, na chuma kinapokerezwa kwa kasi, joto huwa adui wa kwanza wa kisu.

Ndiyo sababu baadhi ya mafundi wameanza kuacha mtindo wa kumimina maji ya sabuni kwa kopo, wakafunga mitambo midogo inayopuliza kipoza kama ukungu kwa nguvu ya hewa. Mtambo wenyewe si ghali sana ukilinganishwa na kerezo, na huuzwa hata kwa njia ya mtandao. Tatizo hutokea pale boksi linapofunguliwa: kiungo cha mtambo hakiingii katika mpira wa kompresa. Robo inchi ya mtambo haikubali robo inchi ya dukani. Fundi hurudi dukani mara ya pili, mara ya tatu, na mwishowe hulazimika kuagiza Nairobi, ilhali kazi ya mteja imelala mezani.

Makala haya yanaeleza chanzo cha mkanganyiko huo, vipimo ambavyo fundi anapaswa kuvijua, mahali pa kutafuta viungo, na tahadhari ambazo hazifai kupuuzwa.

Mtambo wa ukungu hufanyaje kazi?

Mtambo wa kawaida una sehemu nne: mahali pa kuingizia hewa kutoka kwa kompresa, chombo cha kipoza, neli nyembamba ya kufyonza kipoza hicho, na pua inayoelekezwa kwenye ncha ya kisu. Hewa inapopita kwa kasi katika tundu la pua, shinikizo hushuka mahali hapo, kipoza kikavutwa kutoka chomboni na kupasuliwa kuwa matone madogo mno. Ni kanuni ile ile inayotumika katika bomba la kupulizia rangi ya magari.

Faida yake ni kwamba kipoza kinachotumika ni kidogo. Katika mitambo ya kisasa inayotumia mafuta halisi bila maji, kiasi hicho huwa chini ya mililita 50 kwa saa. Hewa nayo hupeperusha vipande vya chuma vilivyokatwa ili visikatwe tena na kisu. Hata hivyo, mtambo huo hautafanya lolote iwapo hewa inavuja njiani, na hewa huvuja hasa kwenye viungo.

Kwa nini robo inchi si robo inchi?

Jambo la kwanza linalowachanganya wengi ni jina. Kiungo kinachoitwa cha robo inchi hakina kipenyo cha robo inchi. Ukikipima hesi zake, ambazo mafundi wengi huziita thredi, utapata takriban milimita 13, yaani zaidi ya nusu inchi. Jina hilo lilitokana na mabomba ya zamani ya chuma, ambayo yaliitwa kwa upana wa tundu la ndani wala si wa nje. Mabomba yalibadilika, jina likabaki.

Jambo la pili ni historia. Mnamo 1841, mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha hesi kitumike kote nchini mwake, kukiwa na pembe ya digrii 55 kati ya jino na jino. Hesi za mabomba za Uingereza, zinazojulikana kwa herufi BSP, zilifuata pembe hiyo. Nchini Marekani, William Sellers alipendekeza pembe ya digrii 60 mnamo 1864, na hesi za mabomba za huko, zijulikanazo kama NPT, hutumia pembe hiyo ya digrii 60.

Kenya ilitawaliwa na Uingereza, na mabomba ya maji yaliyoletwa wakati huo yalikuwa na hesi za Kiingereza. Mazoea hayo hayajabadilika. Bomba la chuma, koki au nipo inayouzwa katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Meru, Nkubu, Runyenjes au Embu huwa na hesi za BSP. Kwa upande mwingine, mtambo wa ukungu uliotengenezewa soko la Marekani huja na NPT. Ule uliotengenezewa soko la Ulaya au Asia huenda ukawa na BSP, au hesi za milimita ambazo huandikwa kwa herufi M.

Wajapani hutumia majina mengine kwa hesi zinazolingana na BSP. Kifaa cha Kijapani kilichoandikwa PT au Rc kina hesi za mchongoko za jamii hiyo, na kilichoandikwa PF au G kina hesi zilizonyooka. Fundi akiona herufi hizo hana haja ya kuhangaika, kwani kiungo cha BSP cha kipimo kicho hicho kitaingia.

Vipimo vya kukumbuka

Fundi mwenye kalipa anaweza kutambua hesi nyingi kwa kupima kipenyo cha nje cha kiungo dume. Vipimo vikuu ni hivi:

- Thumni ya inchi (1/8): BSP ina kipenyo cha milimita 9.73 na meno 28 katika kila inchi. NPT ina takriban milimita 10.3 na meno 27.

- Robo inchi (1/4): BSP ina milimita 13.16 na meno 19. NPT ina takriban milimita 13.7 na meno 18.

- Thumni tatu za inchi (3/8): BSP ina milimita 16.66 na meno 19. NPT ina takriban milimita 17.1 na meno 18.

- Nusu inchi (1/2): BSP ina milimita 20.96 na meno 14. NPT ina takriban milimita 21.3 na meno 14 vilevile.

Ikumbukwe kwamba NPT huwa na mchongoko, yaani kiungo ni chembamba zaidi kwenye ncha kuliko shingoni. Kwa hivyo kipimo cha kalipa kitategemea mahali kilipochukuliwa. BSP nayo ina sura mbili: iliyonyooka, ambayo huandikwa G, na yenye mchongoko, ambayo huandikwa R. Mchongoko wa R na wa NPT ni mmoja, milimita 1 kwa kila milimita 16 za urefu.

Ulinganifu wa nusu inchi ndio mtego mkubwa. Kwa kuwa idadi ya meno ni moja, kiungo cha NPT huingia katika BSP na kukaza vizuri. Fundi hudhani amefaulu. Lakini pembe za meno hazifanani, na njia nyembamba hubaki kati ya jino na jino ambamo hewa hupita. Kiungo hicho kinaweza kushika maji ya tangi lililo juu ya paa kwa muda, lakini kitashindwa na hewa ya kompresa.

Katika robo inchi na thumni, kiungo huingia mizunguko miwili au mitatu kisha hukwama. Anayeendelea kulazimisha kwa spana huharibu meno ya shaba, na mara nyingi huharibu upande wa mtambo, ambao ndio ghali na usiopatikana kwa urahisi.

Hesi za milimita nazo zina hila zake. M10 yenye hatua ya milimita 1 inakaribiana mno na thumni ya BSP. M14 yenye hatua ya milimita 1.5 hudhaniwa kuwa robo inchi. Viungo vya breki za hewa vinavyotolewa katika malori makuukuu, ambavyo mafundi wa jua kali hupenda kuvitumia tena kwa sababu ni imara, aghalabu huwa vya milimita kama M12, M16 na M22. Ni viungo vizuri, lakini havikuundwa kuingia katika BSP.

Kutambua hesi bila vifaa

Si kila karakana iliyo na geji ya kupimia hesi. Kuhesabu meno kwa rula ni vigumu kwa sababu sehemu yenye hesi katika kiungo cha robo inchi huwa fupi, takriban sentimita 1 tu. Katika urefu huo, tofauti ya BSP na NPT haifiki hata nusu ya jino.

Njia rahisi ni kutumia kiungo kinachojulikana. Fundi achukue nipo ya BSP kutoka duka la vifaa vya maji, ailaze ubavuni mwa kiungo asichokijua, dume kwa dume, kisha avinyanyue vyote viwili kwenye mwanga. Meno yakilaliana bila mwanga kupenya kati yake, hesi ni za jamii moja. Mwanga ukionekana, hasa kuelekea mwisho mmoja, jamii ni tofauti.

Kwa nusu inchi, ambako meno ni 14 pande zote mbili, jicho linapaswa kutazama ncha za meno. Meno ya BSP yameviringwa juu na chini. Ya NPT yamekatwa bapa.

Karakana inayofanya kazi hii mara kwa mara inashauriwa kuhifadhi ubao mdogo wenye sampuli: dume na jike la kila kipimo, vikiwa vimeandikwa kwa rangi. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya safari moja ya bure.

Mpira hupimwa ndani, neli hupimwa nje

Mkanganyiko mwingine uko kwenye mpira wenyewe. Mpira wa hewa unaotumika katika vituo vya kujaza magurudumu upepo hupimwa kwa kipenyo cha ndani. Mpira wa milimita 8, au 5/16 ya inchi, unahitaji kiungo chenye mkia wa milimita 8 na klipu ya kukaza.

Neli za plastiki zinazoletwa pamoja na mitambo ya ukungu hupimwa kinyume chake, yaani kwa kipenyo cha nje, kwa sababu husukumwa ndani ya kiungo kinachozishika kwa meno ya chuma. Vipimo vya kawaida ni milimita 4, 6, 8, 10 na 12. Za Kimarekani ni 5/32, 1/4, 5/16 na 3/8 ya inchi.

Baadhi ya vipimo hivyo vinakaribiana kiasi cha kuweza kubadilishana. Neli ya 5/32 ina milimita 3.97, hivyo huingia katika kiungo cha milimita 4. Ile ya 5/16 ina milimita 7.94, nayo hukaa katika kiungo cha milimita 8. Lakini neli ya robo inchi ina milimita 6.35, na haiwezi kuingia katika kiungo cha milimita 6. Vivyo hivyo, neli ya milimita 6 ikitiwa katika kiungo cha robo inchi itaingia bila shida, kisha itavuja au itachomoka mara kompresa itakapojaa.

Neli ya kusukuma ikatwe kwa kisu kikali na kwa pembe mraba. Ncha iliyokatwa kwa msumeno au kwa mshazari hukwaruza mpira wa kuzibia ulio ndani ya kiungo, na uvujaji hautaisha hata kiungo kibadilishwe mara ngapi.

Viunganishi vya kuchomeka

Upande wa kompresa, viungo vingi ni vile vya kuchomeka na kuchomoa kwa mkono. Hapa hakuna kanuni moja ya dunia nzima. Kuna aina ya Kijapani iliyoenezwa na kampuni ya Nitto, aina ya Ulaya yenye njia ya milimita 7.2, aina ya Kiingereza ya kampuni ya PCL, na aina za Kimarekani. Plagi zake hufanana kwa mbali, ila shingo, kina na kipenyo ni tofauti.

Plagi ya aina moja inaweza kuingia katika soketi ya aina nyingine na kutoa mlio wa kufunga, kisha ikatoka kama risasi fundi anapoinama kupima kazi yake. Kwa sababu hiyo, karakana ichague aina moja na kuifuata kote. Iwapo mtambo mpya umekuja na plagi ya aina nyingine, ni rahisi kuiondoa na kufunga plagi ya aina iliyopo kuliko kubadilisha soketi zote za karakana. Plagi hizo hufungwa kwa hesi, na hesi zenyewe ndizo zinazopaswa kulinganishwa.

Pa kutafutia

Mjini Meru, maduka ya vifaa vya ujenzi na vya mabomba yaliyoko katikati ya mji na upande wa Makutano ndiyo ya kuanzia, hasa kwa nipo, soketi, elbo, koki na redusa za BSP. Wauzaji wa vipuri vya magari na wale wa vifaa vya rangi huwa na mipira, klipu, viunganishi vya kuchomeka na vichujio vya hewa. Mjini Embu hali ni hiyo hiyo: duka la mabomba kwa hesi, duka la vipuri kwa mipira.

Maduka ya vifaa vya kunyunyizia maji mashambani, ambayo yanajulikana sana na wakulima wa Timau, Kibirichia na Mbeere, yana viungo vingi vya plastiki vyenye hesi za BSP. Viungo hivyo vinaingia, lakini havifai kwa hewa. Vilitengenezwa kwa shinikizo la maji, na vinapopasuka chini ya hewa hurusha vipande vikali. Onyo hilo linahusu pia mabomba ya PVC, ambayo baadhi ya karakana huyatumia kusambaza hewa ukutani. Maji yakipasua bomba, shinikizo huisha papo hapo. Hewa iliyobanwa hutanuka, na nguvu yake husukuma vigae mbali.

Viungo vya neli za kusukuma, adapta za BSP na NPT, na redusa za thumni kwa robo hupatikana kwa urahisi zaidi Nairobi, katika maduka ya barabara ya Kirinyaga, iliyojulikana zamani kama Grogan, na kwa wauzaji wa vifaa vya mitambo ya hewa katika eneo la viwanda. Hakuna ulazima wa kusafiri. Mzigo mdogo hutumwa kwa matatu ukafika siku hiyo hiyo, mradi anayeagiza ameeleza anachotaka bila utata.

Suluhisho jingine liko mikononi mwa fundi mwenyewe. Mwenye kerezo anaweza kutengeneza adapta kwa fimbo ya shaba ya manjano: upande mmoja BSP, upande mwingine NPT au milimita. Kisu cha hesi kinolewe kwa digrii 55 kwa BSP na digrii 60 kwa NPT na milimita, na gia za mashine zipangwe kulingana na idadi ya meno. Kazi hiyo ni ya saa chache, na ni mazoezi mazuri kwa wanagenzi wanaojiandaa kwa mitihani ya gredi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Taasisi kama vile Meru National Polytechnic na vyuo vya kiufundi vya Nkabune na Kiirua ni mahali pafaapo kuuliza ushauri kuhusu vipimo.

Kuziba ni nusu ya kazi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la milimita 1 katika mfumo wenye shinikizo la bar 7 hupoteza zaidi ya lita 60 za hewa kwa dakika. Kwa kompresa ndogo ya karakana, hiyo ni sehemu kubwa ya hewa yote inayozalishwa. Mota haipumziki, umeme unaliwa, nayo pua ya ukungu inakosa nguvu.

Hesi za mchongoko huzibwa kwa tepu nyeupe ya mabomba. Tepu izungushwe kufuata mwelekeo wa kukaza, na jino la kwanza liachwe wazi. Katika mtambo wa ukungu, jambo hili ni muhimu kuliko katika bomba la maji, kwa kuwa kipande kidogo cha tepu kikikatika hukimbilia kwenye pua na kuziba tundu lake.

Hesi zilizonyooka hazizibwi kwa tepu. Huzibwa kwa washa ya shaba, ya nailoni au yenye mpira, inayobanwa kati ya bega la kiungo na uso wa mtambo. Anayejaza tepu katika hesi za G hupasua kiungo kwa kukikaza kupita kiasi, na bado hewa hupata njia.

Baada ya kufunga, fundi apake povu la sabuni kwenye kila kiungo akiwa amefungulia hewa. Povu likifura, pana uvujaji.

Shinikizo, mwinuko na maji

Mitambo huandikwa shinikizo kwa namna mbalimbali. Bar 1 ni sawa na takriban psi 14.5, au megapaskali 0.1, na inakaribiana na kilo 1 kwa sentimita mraba. Fundi asome kwanza kijibandiko cha mtambo, kisha afunge kidhibiti cha shinikizo kabla ya neli nyembamba. Kompresa inayojaa hadi bar 8 isiunganishwe moja kwa moja na pua iliyokusudiwa bar 3 au 4.

Kiasi cha hewa nacho kina mipaka. Pua yenye tundu la milimita 1 hupitisha takriban lita 30 hadi 40 kwa dakika katika bar 3. Tundu la milimita 2 hupitisha mara nne ya hizo. Kompresa ya kujazia magurudumu hufanya kazi kwa vipindi, ilhali mtambo wa ukungu huvuta hewa bila kukoma kwa muda wote wa kukereza. Kwa hivyo pua ndogo hufaa zaidi.

Miji ya Embu na Meru iko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kati ya mita 1,300 na 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na kompresa hutoa hewa pungufu kwa kadiri hiyo ikilinganishwa na namba iliyoandikwa na mtengenezaji. Anayenunua mashine na ayazingatie hayo.

Wakati wa mvua, maji mengi hujikusanya ndani ya mtungi. Yasipotolewa kila siku kupitia koki ya chini, husafiri hadi kwenye kerezo na kuleta kutu katika reli zake. Kichujio chenye kikombe cha kunasa maji kifungwe kabla ya kidhibiti.

Usalama wa fundi

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Ukungu unaopoza chuma ndio unaoingia mapafuni. Mnamo 1998, taasisi ya utafiti wa afya kazini ya Marekani, NIOSH, ilipendekeza kwamba ukungu wa vipoza vya vyuma usizidi miligramu 0.5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa sababu ya visa vya pumu, mkamba na uvimbe wa mapafu miongoni mwa wafanyakazi. Kipoza kilichokaa siku nyingi hadi kikanuka huwa na bakteria, na kukipuliza ni kuzipuliza bakteria hizo. Mlango uwe wazi, pua iwe karibu na kisu, na ukungu upunguzwe hadi usionekane ukielea.

Mafuta ya taa, ambayo mafundi wengi hutumia kwa brashi wanapokata aluminiamu, yasitiwe kamwe katika mtambo wa ukungu. Yakiwa kwenye kopo huwaka polepole. Yakiwa matone hewani hulipuka kwa cheche moja ya mashine ya kusaga au ya kulehemu iliyo jirani. Dizeli na petroli ziko katika hukumu hiyo hiyo.

Kabla ya kuchomoa kiungo chochote, hewa ifungwe na mpira utolewe upepo. Mpira unaochomoka ukiwa na hewa hujipiga huku na huko na unaweza kupofusha. Pua isielekezwe mwilini, wala hewa isitumiwe kupangusa nguo, kwani inaweza kupenya ngozi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mitungi ya hewa ikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa, na inamwajibisha mwajiri kuwalinda walio katika karakana yake, wakiwemo wanagenzi. Mtungi uliotengenezwa kwa silinda kuukuu ya gesi, ambao huonekana katika karakana nyingi, ni hatari ambayo kiungo kizuri hakiwezi kuiondoa.

Kabla ya kuagiza

Fundi anayetaka kuagiza kiungo kutoka mji mwingine aandike mambo sita kwenye karatasi: kipenyo cha nje cha hesi kwa milimita, idadi ya meno au jamii ya hesi, iwapo ni BSP, NPT au milimita, iwapo hesi zimenyooka au zina mchongoko, iwapo anataka dume au jike, kipenyo cha mpira kwa ndani au cha neli kwa nje, na aina ya kiunganishi cha kuchomeka kilichoko kwenye kompresa. Picha ya kiungo kikiwa kando ya rula itumwe pamoja na maelezo hayo.

Muuzaji aliyepewa maelezo hayo hana sababu ya kubahatisha, na kiungo kitakachoshushwa kutoka kwa matatu jioni kitafungwa asubuhi inayofuata, mteja apate ekseli yake kahawa ingali mbichi.